Gauni pleni na urembo mmoja mkubwa: sisi wa nyanda za baridi tunavaaje?

FundiMwanjelwa (mwenye uzi)

Wadau, habari za leo. Nashona magauni hapa Mbeya, jirani na soko la Mwanjelwa, na huu ni mwaka wangu wa 14 kwenye cherehani. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu ya jambo lililonikaa rohoni tangu Juni.

Mteja wangu mmoja alikuwa na sendofu ya mdogo wake kule Uyole. Alikuja na krepu ya bluu iliyokolea, akasema hataki mbwembwe: shingo ya duara, mkono wa kufika kwenye kiwiko, gauni linyooke mpaka chini ya goti. Nikafurahi, maana kitambaa pleni hakimfichi fundi. Mshono ukienda kombo unaonekana kutoka mlangoni. Nikalishona kwa moyo, bitana ndani, zipu ya kujificha. Akanionyesha na urembo alioununulia gauni hilo: mkufu wa shanga wa tabaka 3, mwekundu na mweupe, mpana kama kiganja. Pale dukani kwangu saa 6 mchana aliposimama mbele ya kioo, wateja waliokuwa kwenye benchi walinyamaza wote kumwangalia.

Wiki iliyofuata akarudi na picha kwenye simu. Mnajua baridi ya Uyole mwezi wa 6 jua likishazama. Ilipofika saa 2 usiku alivaa sweta la kijivu, akafunga vifungo mpaka shingoni, na juu yake akajitanda kitenge. Mkufu ukalala chini ya sweta sherehe nzima. Kwenye picha zote anaonekana mwanamke mwenye gauni la giza na sweta. Akaniambia kwa upole, "Mama, nilionekana kama nimetoka msibani."

Lile neno liliniuma, kwa sababu kosa lilikuwa langu pia. Nilimpima kifua, kiuno na nyonga, lakini sikumuuliza sherehe ni saa ngapi na atajifunika nini. Tangu siku hiyo, mteja akija na kitambaa pleni, swali langu la kwanza ni hili: sweta lako litaishia wapi?

Ninachotaka kusema ndicho hicho. Ushauri mwingi wa mavazi tunaousoma umeandikwa na watu wa joto. Wanakwambia vaa gauni rahisi, shingoni weka kitu kikubwa, mkononi panga bangili. Kwa Dar es Salaam ni sawa kabisa. Huku kwetu, kuanzia Mei hadi Agosti, shingo na mikono ndiyo sehemu za kwanza kufunikwa. Iringa mjini iko mita zaidi ya 1,500 juu ya usawa wa bahari, Mbeya kama 1,700, Njombe inakaribia 2,000. Urembo wetu lazima ukae mahali ambapo sweta halifiki: masikioni, kichwani, mkononi kwa maana ya mkoba, miguuni, au juu ya sweta lenyewe.

Na gauni pleni nalitetea. Mwaka 1926 jarida la mitindo la Vogue la Marekani lilichapisha mchoro wa gauni jeusi la Coco Chanel, mbunifu wa mavazi wa Ufaransa, gauni jembamba, lisilo na pambo, wakalifananisha na gari la Ford, yaani kitu ambacho kila mtu angeweza kuwa nacho. Na huyo huyo Chanel alikuwa akivalia lulu za bandia nyingi juu ya nguo za aina hiyo, wala hakuona aibu kwamba si za kweli. Gauni likishanyamaza, urembo unapata nafasi ya kusikika. Ukivaa hereni kubwa juu ya kitenge chenye tausi, funguo na mabakuli, macho ya mtu hayajui yatue wapi.

Karibuni tuchangie. Nani anavaaje huko alipo?

MamaMilulu

Kamwene dada fundi! Mimi niko Iringa. Umenigusa pale kwenye mkoba.

Kwetu watu wanadhani kikapu cha milulu ni cha kubebea mayai na mboga tu. Mimi nakitembeza mjini na gauni jeusi la mkono mrefu, na watu wananisimamisha kuniuliza nimekipata wapi. Milulu ni yale majani marefu yanayoota mabondeni kwenye maji. Akina mama wanayakata, wanayakausha, halafu wanasuka kwa kubana sana, mstari kwa mstari. Ukikipata kilichosukwa na mtu anayejua, ukipitisha kidole juu yake huhisi uwazi. Nilichofanya mimi ni kumpelekea fundi viatu akaning'oa mikono ya milulu, akaweka mikanda ya ngozi ya kahawia na kushonea kwa uzi wa viatu. Ndani nikaweka bitana ya kitenge chekundu. Ukikifungua kuchukua simu, kile chekundu kinachungulia.

Kikapu kina sifa moja ambayo mkufu hauna: sweta halikifuniki, koti halikifuniki, hata blanketi halikifuniki. Unaingia nacho ukumbini, unakiweka mezani, kinakaa hapo usiku kucha.

Kiwe kikubwa kiasi. Kidogo sana kinaonekana kama cha mtoto. Changu mdomo wake una sentimita kama 30.

Mwalimu_Tukuyu

Ndaga fijo kwa uzi huu. Ila MamaMilulu, mie wa Tukuyu nikitembea na kikapu hicho mwezi wa 4 kitaota ukungu. Huku tunapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kuna wiki nguo hazikauki kambani.

Nami nina shida yangu ya kazini. Nafundisha darasa la pili. Hereni za kuning'inia sivai shuleni, mtoto akikukumbatia kidole kinanasa. Kilemba kikubwa siwezi, walioko nyuma hawaoni ubao. Magauni yangu mengi ni pleni, kijani, kahawia, nevi bluu. Nivae nini ambacho kitaonekana lakini hakitanisumbua?

FundiMwanjelwa (mwenye uzi)

Mwalimu, pole na kazi. Kwako wewe nasema pini ya kifuani, bila kusita.

Wengi tumeiacha tukidhani ni ya mabibi wa kanisani au ya wazee wa kamati. Lakini hebu fikiria: sweta lipo tu, utalivaa upende usipende. Basi lifanye sweta ndilo kiwanja. Pini kubwa ya shaba, au ya shanga, au ua la kitambaa, unaibandika upande wa kushoto, vidole 4 chini ya bega. Kidole cha mtoto hakinasi, ubao hauzibwi.

Madeleine Albright, aliyekuwa balozi wa Marekani Umoja wa Mataifa kisha Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 1997 hadi 2001, alizifanya pini kuwa lugha yake. Magazeti ya Iraki yalipomwita nyoka, alivaa pini ya nyoka kwenye kikao chake na maofisa wa Iraki. Suti zake zilikuwa za kawaida tu za ofisini. Watu walikuwa wakitazama kifua chake kujua leo amekuja na hali gani.

Angalizo la kifundi: sweta la uzi mlegevu linavutika pini ikiwa nzito. Ndani, nyuma ya mahali pini inapokaa, weka kipande cha kitambaa kigumu cha mraba, sentimita 3 kwa 3, pini ipite kwenye sweta na kile kipande. Haitainama wala kutoboa tundu. Mabaki ya gamu ya kola, kile kitambaa kigumu cha kukazia kola, yanafaa, fundi yeyote atakupa bure.

Na kwa kikapu na mvua, kweli, kwa Tukuyu kikapu ni cha kiangazi. Kikilowa kianikwe kivulini penye upepo, kisifungiwe kabatini kikiwa na unyevu.

Mtoto wa Makambako

Shikamoo mama fundi. Mimi nina miaka 21, niko chuo. Sina hela ya urembo wa ghali, na ule wa rahisi unanidhuru. Mwaka jana nilinunua hereni za duara kubwa na cheni yake, rangi ya dhahabu, kwa ajili ya mahafali ya dada. Saa 4 tu masikio yakaanza kuwasha, jioni yakavimba na kutoa maji. Shingoni nikabaki na mstari mweusi wiki nzima. Niliporudi dukani nikaambiwa ni ngozi yangu mbaya. Toka hapo nikivaa gauni pleni nabaki pleni hivyo hivyo. Naomba msaada.

FundiMwanjelwa (mwenye uzi)

Marahaba mwanangu. Kwanza ujue ngozi yako si mbaya. Hilo neno walilokwambia silo.

Urembo mwingi wa bei ya chini umechanganywa na nikeli, kisha ukapakwa rangi ya dhahabu juu. Jasho likishaila ile rangi, nikeli inagusa ngozi, na watu wengi mwili wao unaikataa: wekundu, muwasho, malengelenge, hadi maji kama yalivyokutoka. Ukishakuwa hivyo mwili hausahau, kila ukikutana nayo utawashwa tena. Shaba yenyewe ina tabia nyingine. Ikikutana na jasho inaacha rangi ya kijani kwenye ngozi, ambayo unaiosha kwa sabuni na haina madhara hayo.

Njia ziko. Hereni, kinachokugusa ni ile ndoano tu. Mpelekee sonara akubadilishie ndoano, akuwekee ya fedha, hata kama duara lenyewe ni la bei rahisi. Fedha nzuri ina chapa ya 925, maana yake sehemu 925 katika 1,000 ni fedha halisi. Kama huna hata hiyo, watu wanapaka rangi ya kucha isiyo na rangi sehemu inayogusa mwili. Inasaidia kwa saa chache, inabidi kurudia, na kwa mtu aliyefikia kutoka maji kama wewe mimi singeitegemea.

Lakini bora zaidi kwako ni urembo usio na chuma kabisa. Nitakufundisha mmoja, nautengeneza kwa mabaki ya dukani.

Tafuta shanga za mbao za kipenyo cha sentimita 2, kama 15 hivi. Kata ukanda wa kitenge upana sentimita 8, urefu mita 1 na nusu na kidogo. Usikate chini ya 8. Ushanga wa sentimita 2 una mzingo wa sentimita 6 na nukta, ukitoa mshono wa nusu sentimita kila upande unabakiwa na 7, ushanga unapita bila kugoma. Kunja, uso kwa uso, shona urefu wote, kisha geuza kwa pini ya mtoto. Funga fundo sentimita 25 kutoka mwisho mmoja. Ingiza ushanga wa kwanza, usukume mpaka uguse fundo, funga fundo jingine nyuma yake. Hapo ndipo watu wanakosea: fundo lazima ulisogeze kwa ukucha mpaka libane ushanga kabla ya kulikaza, la sivyo mkufu unalegea kama utumbo wa kuku. Endelea hivyo hadi wa 15. Mwishoni unabaki na mkia wa kufungia nyuma ya shingo, hakuna kishikizo, hakuna nikeli.

Na kwa kuwa ni wa kitambaa hauna ubaridi wa chuma shingoni asubuhi. Uvae JUU ya sweta la shingo ndefu. Gauni jeusi, sweta jeusi, mkufu wa kitenge cha njano na zambarau. Ukienda mahafali mengine nitumie picha.

Dada wa Njombe

Nakubaliana na mengi, ila nina la kupinga. Kwa nini urembo mmoja tu? Iris Apfel wa New York, mama aliyejulikana kwa mavazi na urembo wake, aliyefariki 2024 akiwa na miaka 102, alikuwa akivaa bangili kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko, mikufu 4 au 5, na miwani mikubwa kama visosi, vyote pamoja. Mwaka 2005 jumba la makumbusho la Metropolitan likafanya maonyesho ya nguo na urembo wake mwenyewe. Hakuna aliyemwambia apunguze.

Nami navaa hivyo. Gauni langu jeupe la pamba, la mkono mfupi, hata hapa Njombe Januari linavalika. Bangili mkono mmoja, hereni, kilemba. Kwani tutafurahi lini?

FundiMwanjelwa (mwenye uzi)

Dada, vaa. Nimekaa na hoja yako tangu jana usiku na nakukubalia nusu.

Bangili 10 za mkono mmoja nazihesabu kitu kimoja, kwa sababu jicho linaziona kama nguzo moja. Kilemba na hereni navyo naona vinaweza kuwa kitu kimoja, vyote viko usoni, alimradi rangi zisalimiane. Ninachokikataa ni vitu vikubwa vilivyotawanyika: kimoja kichwani, kingine kiunoni, kingine mguuni, kila kimoja na rangi yake. Mama Apfel alikuwa na jicho la miaka 80 na zaidi ya kukusanya. Alijua anachokigombanisha na anachokipatanisha. Mteja wangu anayetaka kutoka nyumbani saa 12 asubuhi kuwahi ibada hana huo muda mbele ya kioo. Kwake nasema kimoja.

Mtoto wa Makambako

Mama nimekata ukanda tayari! Nimeshona kwa mkono maana cherehani sina. Nauliza, je, kwenye gauni la shingo ya V huo mkufu unakaa?

FundiMwanjelwa (mwenye uzi)

Unakaa, ila ufunge nyuma kwa kubana ili ushanga wa katikati uangukie pale pale ncha ya V inapoishia au juu yake kidogo. Ukishuka chini ya ncha, nusu juu ya ngozi nusu juu ya kitambaa, unaonekana umepotea. Shingo ya duara ya juu inataka mkufu mrefu unaofika chini ya kifua. Shingo ya boti, ile pana ya kwenda mabegani, usiiwekee mkufu kabisa, iachie hereni.

Katibu wa Kamati

Naomba niongeze la sare, maana limesahaulika na ndilo linalotukuta wengi.

Harusi za huku kamati inatangaza kitambaa kimoja, tuseme kijani cha chupa, wanawake 40 wote mnashona. Mnaingia ukumbini kama kwaya. Wengi wanahangaika kutofautisha mshono, huyu anaweka mabawa, yule anapasua mgongo, na mwisho wa yote ni kijani kwa kijani. Mimi miaka miwili sasa namwambia fundi anishonee mnyoofu usio na kitu, pesa ya mbwembwe naipeleka kwenye urembo. Mwaka huu nilivaa kilemba cha rangi ya machungwa, yadi 2 nilikata kwenye pisi ya yadi 6 niliyonunua Tunduma, nyingine nikamgawia mama mkwe. Nilikaa safu ya nne na bado mshereheshaji aliniita "mama wa kilemba" kila alipotaka mtu wa kucheza. Na masikio hayakupata baridi.

Baba Wawili

Samahani akina dada kwa kuingilia. Nasoma tu nikijifunza. Mke wangu anapenda magauni ya rangi moja, mengi ni kahawia na maruni. Siku yake ya kuzaliwa inakuja, tuko Mafinga. Nataka nimnunulie kitu kikubwa kama mnavyosema lakini sijui ukubwa wa pete yake, wala sijui anapenda nini, na sitaki kumuuliza. Bajeti 40,000.

MamaMilulu

Baba, hongera kwa kuwaza. Usinunue pete. Angalia anavaa sweta gani anapoenda kanisani. Likiwa pleni, mtafutie pini. Ukifika Iringa mjini pitia Neema Crafts, ni kituo kilichoanza mwaka 2003, mafundi wake ni watu wenye ulemavu, na wana kazi za mikono ambazo hutaziona mezani kwa mtu mwingine. Chagua rangi ambayo HAIMO kwenye nguo zake. Kwa kahawia na maruni, buluu ya anga au njano ya haradali itasimama.

FundiMwanjelwa (mwenye uzi)

Naunga mkono. Na baba, kabla hujalipa ishike mkononi uhesabu mpaka 60. Kama kiganja kimeanza kuisikia, kifuani itavuta sweta. Hereni nazo ni hivyo hivyo. Nzito kila siku inarefusha tundu la sikio, na tundu likishachanika ni kushonwa hospitali. Ndiyo maana za shanga kubwa nazitaka zenye kitu chepesi ndani, mbao au kitambaa, na shanga za kioo zizunguke nje tu.

Mwalimu_Tukuyu

Nimerudi na majibu. Nimetengeneza ua la kitambaa chekundu, petali 6, katikati nimeshonea kifungo kikubwa cha koti la marehemu bibi yangu. Leo nimelivaa juu ya sweta la kijani, na kile kipande cha gamu nimekiweka ndani kama ulivyoelekeza, halikuinama hata kidogo. Mtoto mmoja wa dawati la mbele, ambaye huwa hanisemeshi, amekuja mapumzikoni akaligusa kwa kidole kimoja akasema, "Mwalimu, leo umevaa bustani."

Baba Wawili

Nimepata. Ni ndege wa shanga, njano na nyeusi, ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. 18,000. Nimehesabu mpaka 60 muuzaji akiniangalia. Iliyobaki nimenunua krepu ya maruni mita 2 na nusu. Mama fundi, kwa mwanamke mrefu, mnyoofu wa kufika chini ya goti, inatosha au niongeze?

FundiMwanjelwa (mwenye uzi)

Kama upana wa kitambaa ni mita 1 na nusu inatosha na kinabaki cha kilemba kidogo. Kama ni sentimita 115, ongeza nusu mita. Na mwambie fundi wa huko asiweke chochote kifuani.